Felisian Benjamini wa Masjala ya Siri

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya, watumishi wenzake na marehemu, majirani wa Katandala, wakwe zetu wa Kasense, na ninyi ndugu mliotoka Mwimbi mkafika hapa mmejaa vumbi hadi kwenye kope, poleni kwa msiba, na poleni kwa upepo huu wa mwezi wa tisa ambao hapa kwetu hauna adabu hata mbele ya jeneza. Familia imenituma mimi Modesti, mdogo wake, niwasomee maisha ya Felisian, maandishi ni ya Salome, binti yake mkubwa, na pale ambapo Salome aliandika kwa ufupi kwa sababu ya machozi, nimeongeza maneno kwa kalamu yangu, kwa hiyo mkisikia jambo lina chumvi kidogo, chumvi hiyo ni yangu.

Felisian Benjamini alizaliwa tarehe 14 Agosti 1967 kijijini Mwimbi, enzi hizo ikiwa bado Wilaya ya Sumbawanga na leo ni Kalambo, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Benjamini na marehemu Mama Dominika, wakulima wa mahindi na ulezi, na alibatizwa sikukuu ya Noeli ya mwaka huo huo. Nyumba yetu ilikuwa na watoto tisa na chumba kimoja cha kulala, nyumba ambayo hukuweza kukojoa kitandani pasipo majirani kupata habari kabla ya uji kuiva, lakini katikati ya makelele hayo Felisian alikuwa mtoto ambaye ukimwambia jambo umelitumbukiza kisimani. Mama alipotaka kuficha sukari ya Pasaka alimwonyesha yeye peke yake mahali ilipo, ili siku akisahau awepo wa kumkumbusha, nasi tuliobaki tulimbembeleza, tukamtishia, na siku moja tukamfungia ghalani mpaka jua likazama, akatoka na pumba kichwani, akanawa, akala, na sukari hatukuiona mpaka Pasaka yenyewe.

Kuhusu masomo, alianza darasa la kwanza mwaka 1975 hapo hapo Mwimbi, akamaliza la saba mwaka 1981, akachaguliwa kuendelea na sekondari mjini Sumbawanga kuanzia 1982 hadi 1985, na baada ya kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa alikwenda Tabora kusomea utunzaji wa kumbukumbu, akapata cheti chake mwaka 1988. Kijiji kizima kilikuwa kinamsubiri arudi daktari, au basi angalau bwana shamba, na alipokaa barazani akaeleza kwamba kazi aliyosomea ni kutunza karatasi za serikali, bibi yetu alimtazama kwa huruma akauliza kama karatasi nazo hutoroka hata zitafutiwe mchungaji. Felisian alicheka na wengine, ila miaka mingi baadaye aliniambia kwamba katika watu wote aliokutana nao kazini, wakubwa kwa wadogo, bibi ndiye pekee aliyeuliza swali lenyewe.

Tarehe 1 Machi 1989 aliajiriwa katika ofisi moja ya serikali hapa mjini, ambayo mnaifahamu na mimi sitaitaja, akaanzia masjala ya wazi, palipo na majalada ya mambo ya kawaida ambayo kila mtumishi anaweza kuyaomba, na mwaka 2001 akahamishiwa masjala ya siri, kile chumba cha nyuma chenye mlango wa chuma, yanapokaa majalada ya watu wenyewe, nani aliugua nini, nani alipewa onyo, nani alishtakiwa na mkewe kwa mwajiri. Alikaa humo mpaka mwili ulipokataa, na vijana wa ofisini wakambatiza jina la Mzee Kufuli, jina ambalo alijifanya halipendi.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na namna hiyo ilimletea taabu. Ofisi nyingi mnazijua, karani husimama dirishani akapaza sauti kwamba yule mwenye shauri la kufukuzwa kazi asogee, na foleni nzima inageuza shingo kumwangalia mwenye shauri, lakini Felisian alitoka nje, akamfuata mtu kwenye benchi alipokaa, akainama, akamnong'oneza sikioni kwamba jalada lake limepatikana, na kwa kuwa katika nchi hii mtumishi wa serikali akikunong'oneza maana yake ni moja tu, watu walianza kupapasa mifukoni. Hilo lilimuudhi kuliko matusi. Aliwahi kurudi nyumbani hana hamu ya kula, kwa sababu mzee mmoja wa watu, mlemavu wa mguu, alimshukuru kwa kumpokea vizuri kisha akamwomba apunguze.

Mwaka 2006 alinunua karanga pale stendi, akazimaliza, akafunua ile karatasi iliyozifungia kama kawaida ya watu wanaopenda kusoma, akakuta ni ukurasa wa barua ya mama mmoja akimweleza mwajiri wake sababu za kuachwa na mume, jina lake kamili, kijiji chake, na mambo ya chumbani ambayo hata daktari angeyasikiliza akiwa ameangalia chini. Ofisi gani iliyauza makaratasi yale kwa kilo haikujulikana. Felisian alirudi kwa muuza karanga akanunua sinia zima, akapita kwa mwenzake wa jirani aliyechukua karatasi kwenye fungu lile lile akanunua na la huyo, na Bertila mkewe anasema waliokula karanga mwezi ule katika nyumba hii hawataki kuziona hadi leo. Kuanzia hapo aliomba lichimbwe shimo nyuma ya ofisi yake, na kila Ijumaa akachoma mwenyewe karatasi zilizokataliwa, akisimama na kijiti akigeuzageuza mpaka yabaki majivu, akirudi nyumbani ananuka moshi kama mkaushaji wa samaki.

Alifunga ndoa takatifu na Bertila wa Kasense tarehe 24 Septemba 1994, na walivyofahamiana ni hadithi ambayo Bertila ameniruhusu kuisoma. Bertila alikuwa amefuatilia mafao ya marehemu baba yake kwa muda mrefu, akiwa amekaa kwenye benchi na wengine, mara akaja kijana mwembamba akamwinamia sikioni, naye akasimama akamwambia mbele ya foleni yote, "Kaka, mimi yatima, ukitaka hela kamwombe mama yako," akaondoka, na Felisian ikabidi amfuate hadi Kasense kumweleza kwamba jalada la baba yake limeonekana na hadai kitu. Alikwenda mara ya pili kupeleka barua, mara ya tatu hakuwa na barua yoyote, na wakwe zetu wakaelewa.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Salome aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1996, ambaye ni mwalimu, Raymond aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1999, ambaye ni fundi wa pikipiki hapa Katandala, na Sharon aliyezaliwa tarehe 17 Februari 2005, ambaye yuko chuoni, pamoja na mjukuu mmoja ambaye ndiye huyo mnayemsikia akidai maziwa. Aliwalea kwa upole, kasoro moja, hakuwahi kusimulia habari za ofisini, hata zile za kuchekesha, na Raymond anasema alikua akidhani baba yake hafanyi kazi yoyote.

Tusimpambe mtu kwa kuwa amelala. Kufuli hufungia mwizi nje, lakini humfungia nje na mwenye njaa, na aliyelionja hilo ni dada yetu mkubwa Albina, ambaye yuko hapa mbele na ameniambia nisome bila kumwonea haya. Mwaka 2011 binti yake Albina alichumbiwa na mtumishi mmoja kijana, mtanashati, aliyehamia kutoka Mpanda, na jalada la kijana huyo lilikuwa katika chumba cha Felisian. Dada alisafiri kutoka Mwimbi na jogoo na debe la ulezi, akasalimiwa, akala, akapumzika, kisha akasema, "Felisian, funguo unazo wewe. Niambie tu kama huyu kijana ana mke huko atokako, neno moja, wala sitasema nimelitoa wapi." Felisian akamjibu, "Dada, nikikufungulia wewe, kesho nitamkatalia nani?" Akamshauri amwulize kijana mwenyewe, aulize parokia, atume mtu Mpanda, na dada akaona huyo ni mdogo wake anayemletea ukubwa wa ofisini, akachukua kitenge chake akaondoka bila kuaga. Harusi ilifanyika, tulicheza, na kabla ya mwaka kuisha akashuka mwanamke kutoka Mpanda na watoto wawili na cheti chake cha ndoa. Mpwa wetu alirudi nyumbani akiwa na mimba. Kama Felisian alijua au hakujua, hajawahi kusema, alichofanya ni kumsomesha yule mtoto aliyezaliwa, na Albina alikaa miaka sita haipokei shikamoo yake. Mimi nilikuwa upande wa dada, na ukiniuliza leo nani kati yao alikuwa na haki, bado sina jibu.

Mwezi Oktoba 2024 walikuja wataalamu kuwafundisha watumishi wa ofisi yake juu ya sheria ya kulinda taarifa binafsi, kwamba jina la mtu, ugonjwa wake, namba yake na mambo ya nyumbani kwake ni mali yake, ofisi imeazimwa tu, na anayeyatoa bila ruhusa ana kosa. Ilipita karatasi ya mahudhurio yenye majina na namba za simu za wote, kila mmoja akiisoma ya mwenzake huku mada inaendelea, na Felisian ilipomfikia aliifunika kwa kofia yake, wataalamu wakacheka pamoja naye na kuiondoa. Jioni ile alimwambia Bertila kwa furaha ya mtoto, "Mama Salome, kumbe ile tabia yangu ni sheria," na akabandika bango la sheria hiyo kwenye mlango wa chuma, upande wa ndani na upande wa nje. Wakati huo alikuwa tayari anaumwa.

Ugonjwa wa marehemu ulianza Januari 2024, akatibiwa hapa mjini, kisha Mbeya, na watu aliowaambia kwa hiari yake walikuwa wawili, daktari na Bertila, hata watoto walijua tu kwamba baba ana vidonge vyake. Mwanzoni mwa mwaka huu nguvu zilimwisha, mwajiri akampeleka mbele ya bodi ya madaktari ili wapime kama aendelee na kazi au apumzishwe, na majibu yakarudi ofisini ndani ya bahasha iliyofungwa, imegongwa mhuri wa siri, ikaingia katika chumba kile kile, ikawekwa juu ya meza ile ile, yeye akiwa nyumbani amejifunika blanketi. Kwa miaka ishirini na zaidi kila bahasha ya namna hiyo ilipokelewa na yeye. Hii ya kwake hakuwepo kuipokea.

Jumanne ya tarehe 11 Machi 2025, mchana, picha ya barua hiyo iliingia katika kundi la simu la jumuiya yetu, jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa, ugonjwa wake, na muda ambao madaktari walikadiria, vyote vinasomeka, na chini yake maneno haya, "Wapendwa, ndugu yetu Felisian yupo katika hali hii, tumwombee na tujitoe kumchangia." Mtu aliyeiweka humo alitumiwa na mwingine, huyo mwingine aliipata kwenye kundi la kwaya, wa kwaya aliipata kwa rafiki, na rafiki anasema ilikuja kutoka namba ambayo sasa haipatikani. Hakuna hata mmoja aliyeituma kwa ubaya. Ndilo jambo ambalo Bertila hawezi kulimeza, kwamba angekuwa adui angejua pa kuelekeza hasira, lakini hawa walituma kwa sababu katika jumuiya mgonjwa haachwi peke yake, mgonjwa hutangazwa, huombewa na huchangiwa, ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo tunavyoishi.

Kesho yake walikuja. Sebule ilijaa, wengine wakabaki uani, wakaja na sukari, na miche ya sabuni, na unga wa ulezi, Felisian akatolewa chumbani akakalishwa kwenye kiti chake, na sala ikaanza. Mama mmoja mwenye imani kubwa akafumba macho akamwomba Mungu autoe ugonjwa huo, akautaja kwa jina lake, akaurudia, na Sharon, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, aliyefika likizo siku mbili kabla, akausikia kwa mara ya kwanza kinywani mwa jirani. Sinia halikuanguka. Alilishika hivyo hivyo mpaka sala ikaisha, akimtazama baba yake, naye baba yake hakuweza kumtazama, alikuwa anaitikia amina.

Kilichofuata mnakijua, kwa sababu wengi wenu mlikuwamo. Uji wa Bertila, ambao watoto wa shule wameunywa pale barabarani tangu Salome akiwa tumboni, ukaanza kurudi nyumbani na ndoo yake, hakuna aliyemtukana, watoto waliambiwa tu na wazazi wao wapite upande wa pili, na ilipofika Aprili akafunga. Jirani yetu wa shambani Kasense, Bwana Shigela, mfugaji aliyehamia huku na ng'ombe wake kutoka upande wa Kahama, alileta maziwa kama anavyoleta siku zote, akakaa, akasema kwa masikitiko ya kweli, "Mtani, hiyo picha hata kwetu imefika. Shemeji yangu kanipigia, ati ananiuliza namjua huyu mtu wa Sumbawanga?" Felisian akamuuliza shemeji hajambo.

Siku moja, mwezi huo huo wa nne, alimwomba Raymond amwonyeshe picha yenyewe, kwa kuwa alikuwa hajaiona. Raymond aliishika simu mbele yake, akidhani baba atasoma maneno, lakini macho ya Felisian hayakwenda kwenye maneno, yalikwenda pembeni, kwenye kipande cha meza kilichoonekana chini ya karatasi, chenye alama ya duara la kuungua ambalo wenzake wa ofisini wanasema birika la chai lililichora zamani kwenye meza yake ya masjala, na kwenye ncha ya kidole kilichoikandamiza barua isipeperuke. Akatazama kidole kile kwa muda. Kisha akasema, "Zima."

Tulimwuliza ni nani. Akasema hajui. Bertila alimwuliza akiwa peke yake naye, akamwuliza akimlisha, akamwuliza akilia, na mara moja tu, akiwa amechoka, alijibu, "Huyo alitaka niombewe," akageukia ukutani. Kwa hiyo alijua. Salome hakukubali, akaandika malalamiko kwa tume ya serikali inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi, yakapokelewa vizuri, yakapewa namba, ofisi ikatakiwa kujieleza, uchunguzi ukafanyika, na kila mtumishi, mmoja baada ya mwingine, akasema siye yeye. Afisa aliyempigia Salome simu alizungumza naye kama ndugu, akamwambia, "Mwalimu, sheria inaweza kumshika aliyeitoa, tukimpata. Lakini kuingia kwenye simu za watu wote tukaitoe, hilo siwezi kukudanganya," na akaomba kama mgonjwa mwenyewe ana jina lolote la kuwasaidia. Salome alikwenda na simu ikiwa hewani mpaka kitandani, akapiga magoti, akaiweka sikioni kwa baba yake. Felisian alimsalimia afisa, akamshukuru kwa kazi yake nzuri, akasema hana jina.

Hapo ndipo watoto walipomkasirikia, na ni vizuri mjue hivyo, maana ugonjwa hauzuii mtu kukasirikiwa. Raymond hakuingia chumbani kwake kwa wiki nzima. Alimwambia mama yake kwamba baba ametunza siri za wezi, za wazinzi, za walevi wa mji huu, sasa anamtunzia na mtu aliyemvua nguo, na sisi tuliovuliwa pamoja naye anatuacha tusimame hivyo hivyo. Bertila naye alikuwa anawaza hivyo.

Dada Albina alisikia habari akiwa Mwimbi, akaja, bila jogoo safari hii, akapokea shikamoo ya mdogo wake, akakaa kando ya kitanda chake mpaka akalala. Asubuhi akachukua fimbo yake akaanza nyumba kwa nyumba. Mlimwona wenyewe, mwanamke wa miaka sabini na mbili ambaye hajawahi kumiliki simu, anabisha hodi Katandala nzima, anasalimia, anakaribishwa kiti, anakataa kiti, anasema, "Wanangu, ile picha ya mdogo wangu, ifuteni nikiona." Watu walitoa simu, wakasugua vioo kwa vidole, wakamwonyesha pasipo na kitu, wakamwambia, "Tayari, bibi," akawashukuru, akaenda mlango wa pili. Alifanya hivyo mpaka miguu ikavimba. Jioni moja Raymond, ambaye asubuhi hiyo aliiona picha ile ile imewekwa upya kwenye kundi la waendesha bodaboda, alitaka kumzuia asiendelee kujitesa, Bertila akamkataza, na dada, aliyekuwa jikoni akichochea moto na ambaye masikio yake ni mazima, akasema bila kugeuka, "Najua hawafuti, wifi. Sasa nifanye nini kingine?" Kesho yake akaendelea na mtaa wa pili.

Tarehe 19 Agosti 2025 hali ilibadilika akalazwa, madaktari wakapambana, na Jumatano ya tarehe 3 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Bertila akiwa ametoka kuchota maji ya moto, Felisian Benjamini akaaga dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na nane.

Mahali hapa ndipo msomaji wa historia hutaja marehemu alisumbuliwa na nini, na kutoka hapa nilipo naona vichwa vimeinuka. Mniwie radhi, familia haitautaja. Juzi tulipokaa kupanga mazishi, ndugu wengine walisema ni kazi bure, kila simu iliyo kwenye uwanja huu inaujua, na mzee mmoja akatukumbusha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali ni ya kweli, lakini haimhusu Felisian, yeye hakuwaficha wa kumtibu, aliwaambia aliochagua kuwaambia, na kifo hakikumwumbua, kilimkuta ameshaumbuliwa. Tunajua kutokusoma kwetu hakuondoi kitu, maji yakimwagika hayazoleki, picha itabaki mlikoiweka, itatazamwa tukiwa tumekwisha kumfukia, na labda itamfikia mjukuu wake akiwa mkubwa. Hatuna uwezo nayo. Uwezo tulio nao ni huu wa karatasi moja, kwamba katika historia yake mwenyewe, inayosomwa na watu wake, neno hilo halimo, kwa sababu mwenye nalo hakutupa ruhusa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Mbeya, waliomhudumia mpaka dakika ya mwisho. Tunawashukuru Baba Paroko na jumuiya, sukari yenu tuliinywa, sala zenu tunaamini zilifika, na kama kuna mtu tulimpokea vibaya katika miezi hii, aelewe tulikuwa tumezidiwa. Tunawashukuru majirani wote waliochota maji na kupasua kuni, Bwana Shigela kwa maziwa ambayo hayakukatika hata siku moja, na wakwe zetu wa Kasense kwa kutupa ardhi ya kumlaza.

Mwisho ni ninyi watumishi wenzake. Mmechanga, mmechimba kaburi tangu alfajiri katika udongo huu mgumu wa kiangazi, na sita kati yenu mtamweka mabegani sasa hivi kumpeleka. Tunawashukuru wote bila kumwacha hata mmoja, maana wa kumwacha hatumjui, na aliyemjua ndiye huyu mnayekwenda kumbeba.

Kaka yetu, pumzika, na amani uliyoikosa kwetu uikute huko.